UZI: Tanga, tumkumbuke mzee wetu wa sarafu wa Ngamiani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Walio Tanga habari wameshaipata. Kwa mlio mbali, Dar, Mombasa, Muscat na kwingineko: mzee wetu wa sarafu, yule wa kibarazani Ngamiani, ametangulia mbele ya haki. Tumemzika baada ya swala ya alasiri, barabara nzima ilijaa baiskeli. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jina silitaji, familia wameomba hivyo, na anayemjua halihitaji. Ukimwambia bodaboda "nipeleke kwa mzee wa sarafu" alikufikisha mlangoni bila kukuuliza barabara ya ngapi.

Nimeleta uzi huu kwa sababu matangani kila mtu alikuwa na kisa chake, na visa vyenyewe vimefanana kama vimetoka kinywa kimoja. Mtu kaokota sarafu ya kale, kaamini shida zimekwisha, kaipeleka kwa mzee, karudi nyumbani na shida zake zilezile, na bado akampenda yule mzee mpaka siku tunamfukia. Mimi niliyekulia mtaa wa nyuma yake nimeyaona hayo tangu nikiwa navaa kaptula, na sijaona mchuuzi mwingine anayependwa kwa kukwambia ulichobeba hakina bei.

Kibaraza chake wengi mnakijua. Meza ya mninga iliyofunikwa kioo, chini ya kioo noti za zamani, kuanzia za Mfalme George mpaka za Mwalimu. Mzani mdogo wa sonara, sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio, kioo cha kukuzia, na makopo ya bahasha ndogo za kahawia, kila bahasha sarafu moja na maelezo yake kwa penseli. Ukifika huku umesimama na pupa zako hakusikilizi. "Kaa kitako kwanza mwanangu, unywe chai. Hiyo imesubiri miaka mia, haitakimbia leo."

Ukishakaa ndipo unafungua leso. Aliichukua sarafu kwa ncha za vidole viwili, ameishika ukingoni, hata siku moja hakuweka kidole gumba juu ya sura yake. Kwanza sumaku. Fedha halisi haina habari na sumaku, kwa hiyo ikinasa mazungumzo yamekwisha, mnahamia kwenye mpira. Isiponasa, aliilaza juu ya ncha ya kidole, akaigonga polepole ukingoni kwa sarafu nyingine, akainamisha sikio. Rupia ya kweli hutoa mlio mwembamba unaokawia. Ya kuyeyushwa uchochoroni inasema "tak" na kunyamaza. Halafu mzani. Rupia moja ya Mjerumani ni gramu 11.66, fedha yake asilimia 91.7. Ikiwa imetembea sana mikononi itapungua kidogo, lakini haiwi 9 na haiwi 14. Baada ya yote hayo ndipo alipotia kioo jichoni, na akianza kusoma maandishi ujue umeshaingia darasani, ada ni subira yako.

Pale ndipo nilipojua kwamba rupia za mwanzo, za kuanzia 1890, hazikutolewa na serikali ya Ujerumani bali na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, iliyopewa haki ya kutoa sarafu zake. Upande mmoja Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya chuma yenye tai juu, amezungukwa na maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili simba na mti mfano wa mnazi. Chenji yake ilikuwa pesa ya shaba, 64 kwa rupia moja, na upande mmoja wa pesa hiyo kuna maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307 mpaka 1309. Mzee alisema kampuni haikufanya hivyo kwa mapenzi, ila walijua mtu wa pwani hii hapokei shaba asiyoweza kuisoma.

Mwaka 1904 serikali ikaichukua kazi hiyo yenyewe. Pesa za shaba zikaachwa, zikaja heller, 100 kwa rupia. Ukiona herufi ndogo A imetengenezwa Berlin, J ni Hamburg. Na T je? Kwenye T ndipo mzee alipokuwa anavuta kiti mbele. T ni Tabora. Mwaka 1916, vita imepamba moto, Waingereza wamefunga bahari, sarafu haziji tena kutoka Ulaya, na serikali ya Mjerumani imehamia Tabora. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha pesa. Heller 20 ziligongwa kwa shaba ya kila aina iliyopatikana, mpaka maganda ya risasi yaliingia tanurini, ndiyo maana nyingine nyekundu, nyingine za njano, na hakuna mbili zilizokaa sawa. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Mzee alikuwa akisema kwamba hiyo ya tembo, ya kweli, aliishika mara moja tu maishani mwake, na haikuwa yake wala haikuwa ya kuuzwa.

Sasa mpate picha. Mtu katoka Handeni na basi la alfajiri, kapakata kopo la maziwa limejaa heller, kwa sababu kasikia redioni au kwa jirani kwamba sarafu ya Mjerumani ni nyumba ya vyumba vitatu. Mzee anazimwaga zote mezani. Anazipanga kwa mwaka. Anazitazama moja moja, ZOTE, hata kama zimelika mpaka taji halionekani. Inaweza kuchukua asubuhi nzima. Mwisho anavua miwani: "Mwanangu, hizi zilitengenezwa kwa mamilioni. Zikiwa zimesagika hivi hata mimi ninazo ndoo mbili ndani." Lakini mara nyingi alikuwa ameshaisukuma moja pembeni kwa ukucha, ile heller 5 kubwa nzito yenye upana wa milimita 37 iliyotolewa miaka 2 tu, 1908 na 1909, chapa J. "Hii hapa ndiyo imekulipia nauli na chakula cha mchana." Na anailipa hapohapo. Yule mtu wa Handeni hakujua hata kwamba ile ni tofauti na nyingine! Angeweza kununua kopo zima kwa bei ya soda, na mwenyewe angeshukuru.

Kitu kimoja tu kilimtoa kwenye utaratibu wake: kuosha. Ukimletea rupia inang'aa kama sahani ya arusi alikuwa anainamisha kichwa na kusema "nani kaiua hii?" Watu wanasugua kwa limau na majivu, wengine kwa steelwire ya sufuria, eti mnunuzi aione vizuri. Ile rangi nyeusi nyeusi ya uzee ndiyo mnunuzi anayoitafuta, ukishaitoa hairudi, na mikwaruzo inabaki. Naandika hapa kwa niaba yake: MSIOSHE SARAFU. Kama ina udongo, maji ya kawaida, na ikaushwe kwa kitambaa laini bila kusugua. Basi.

Karibuni mwenye kisa chake aweke.


#2 Mdau, Makorora

Allah amrehemu, ampe kauli thabiti. Mimi sikuwahi kumpelekea sarafu hata moja, nilikuwa napita tu kuchukua chai. Alinifundisha kucheza bao pia, na alikuwa mwizi wa kete huyo mzee, Mungu amsamehe.


#3 Mdau, Muheza

Natia langu, ni refu kidogo.

Mnaukumbuka ule upepo wa "rupia inayovuta mchele"? Kuna watu walipita huku Muheza mpaka Korogwe wakisema wana tajiri Dar anayetaka rupia maalumu ya Mjerumani. Ati ukiiweka karibu na mchele, punje zinakimbilia sarafu. Ukiwa nayo hiyo, taja bei yoyote. Ila kwanza mtaalamu lazima aje na kifaa chake kuipima, na gharama ya mtaalamu ni juu yako. Mmeshaelewa inakoelekea.

Shemeji yangu alikuwa na rupia ya 1906 aliyoachiwa na bibi yake. Alishauza mbuzi, akawa anatafuta wa kumuuzia shamba lake la machungwa ili ampe mtaalamu. Dada yangu akaja analia. Nikamwambia, kabla hujatia saini popote twende Tanga.

Mzee hakumcheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza habari za bibi, za shamba, za miche. Kisha akamwita binti yake alete sahani ya mchele. Akaiweka rupia katikati, tukakaa wote watatu tunaitazama. Akaongea mengine kabisa, habari za vita ya Novemba 1914, jinsi askari walioletwa kutoka India walivyoteremka hapa Tanga na nyuki wakawavuruga wakakimbilia ufukweni. Sisi macho kwenye sahani. Baada ya muda mrefu sana akasema, "Shemeji, mchele umetulia. Na huu ni wa Mombo, mwepesi, ungekuwa wa kuvutwa ungeshavutwa." Shemeji mwenyewe akaanza kucheka. Kisha mzee akampimia ile rupia mbele yake, akamweleza ina fedha kiasi gani, akamwambia kwa hali yake inaweza kuuzwa kwa mtalii kwa kiasi fulani, si kikubwa, "lakini kama bibi ndiye kakuachia, mimi ningekaa nayo."

Anayo mpaka leo. Shamba analo pia. Ule mchele ulipikwa tukala mchana na samaki wa kupaka.


#4 Mdau, Chumbageni

Poleni wafiwa. Sina nia ya kumsema marehemu, ila naona uzi umeanza kumfanya walii. Tuwe wakweli kidogo. Yule alikuwa mnunuzi na muuzaji. Alinunua kwa akina bibi wa Pangani na Mkinga, akauza kwa Wajerumani wanaokuja kutembelea makaburi ya babu zao. Kwenye mitandao ya Ulaya sarafu za rupia mbili za 1893 au 1894 zinauzwa kwa pesa ndefu. Hiyo tofauti ilikuwa inaingia mfuko gani? Nauliza tu, nisishambuliwe.


#5 Mdau, Raskazone

@Chumbageni hakuna wa kukushambulia, swali ni halali. Mimi nilimwuzia hiyohiyo unayoitaja, rupia mbili ya 1893, ya marehemu baba yangu aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Kwa hiyo naweza kukujibu kwa nilichokiona, si kwa kusikia.

Kwanza, alinionyesha kitabu cha bei. Si cha kwake, cha Ulaya, kile wanachokiita katalogi, kilikuwa kimechakaa kurasa zinatoka. Akanionyesha kwamba sarafu hiyohiyo ina bei nne au tano, kutegemea imelika kiasi gani. Yangu ilikuwa imetobolewa juu karibu na kofia ya Kaisari, maana bibi yetu aliivaa shingoni. Tundu tu, wakuu, linaweza kushusha bei kuliko miaka mia ya kushikwashikwa. Watu wanaona bei ya sarafu mpya kabisa mtandaoni, wanaitazama ya kwao yenye tundu, wanasema mzee kawapunja.

Pili, aliandika kwenye kaunta buku mbele yangu: nitaitangaza kwa kiasi hiki, ikiuzwa wewe unachukua hiki, mimi hiki. Sehemu yake ilikuwa ndogo kuliko ya dalali wa nyumba. Ilikaa kwake miezi, ikanunuliwa na mtu kwa bei iliyozidi tuliyoandika, na akanipigia simu nikachukue ziada. Kuna dalali gani Tanga hii anakupigia simu ya ziada?

Kwamba alipata faida, ndiyo. Alisomesha watoto kwa kazi hiyo. Sioni dhambi.


#6 Mdau, Chumbageni

@Raskazone nimekuelewa, na hilo la simu sikulijua. Bado nashikilia kwamba vitu vingi vizuri vya mkoa huu viko kwenye makabati ya Hamburg sasa, na vimepitia vibaraza kama kile. Si lazima tukubaliane.


#7 Mdau, mtoto wa sonara

Babu yangu alikuwa sonara, kwa hiyo mimi mzee nilimjua upande mwingine, upande wa tanuru.

Zamani akina mama walikuwa wanaleta riali za Maria Theresa ziyeyushwe wapate bangili za harusi. Zile kubwa, gramu 28 na ushee, fedha asilimia 83, zenye mwanamke mnene wa ushungi upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Zilitapakaa pwani yote hii enzi za misafara, kabla hata ya rupia. Basi mzee alikuwa na kawaida ya kupita kwa babu jioni na kuuliza, "leo kuna nani kwenye foleni ya moto?" Babu anamwonyesha kisahani. Mzee anazitazama, nyingi anaziacha ziende, mara mojamoja anaokoa kitu. Analipa kwa uzito wa fedha na kidogo juu yake, ili mama wa watu apate fedha nyingine ya bangili.

Nikamwuliza siku moja kwa nini anaacha riali ziyeyushwe wakati zimeandikwa 1780. Alicheka. Malkia mwenyewe alikufa mwaka huo wa 1780, lakini kwa kuwa Waarabu na Wahabeshi walizoea sura yake na hawakutaka nyingine, watu wakaendelea kuitengeneza na mwaka uleule, Vienna, Roma, London, Birmingham, mpaka Bombay. Kwa hiyo riali ya 1780 inaweza kuwa ya juzi tu. "Huyu mama amezaa sana baada ya kufa," ndivyo alivyosema.

Alichokuwa anaokoa hasa ni vile vidogo ambavyo hakuna anayevitazama. Pesa za Sultani Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, zile za shaba zenye picha ya mizani. Hazina bei kubwa, ni nyingi, ila ikitokea moja ambayo maandishi yake yamesimama vizuri hakuiacha. Na senti za Zanzibar za 1908, zenye mnazi, hizo alikuwa akiziona macho yanabadilika, maana nyingi zilirudishwa zikayeyushwa na zilizobaki ni chache mno.


#8 Mdau, mwalimu

Nafundisha historia sekondari, hapa mjini. Kuna jambo la mzee ambalo halijaguswa, na ndugu yangu wa Chumbageni litampendeza.

Aliletewa visarafu vya shaba vya Kilwa. Vidogo, vyepesi, havifiki ukubwa wa kitufe cha shati, vina majina ya masultani wa Kilwa kwa Kiarabu. Aliyevileta alikuwa kijana mvuvi, sitasema alivipata wapi. Mzee hakuvigusa hata kwa ukucha. Akamwambia, "Hivi si vyangu na si vyako." Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu wa nchi hii kabla ya 1863, huwezi kuvichimba wala kuvisafirisha nje bila kibali. Akamweleza mpaka sababu: sarafu ya aina hiyo ikitolewa ardhini bila mtaalamu kuandika ilikuwa kina gani na imelala pamoja na nini, inabaki chuma tu. Akampa mfano wa Mtambwe Mkuu kule Pemba, ambako mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za masultani wa zamani kabisa, na kwa kuwa walikuwepo wachimbaji wa mambo ya kale ndiyo maana leo tunajua zilikuwa za nani. Sarafu nyingine ya Kilwa iliokotwa mpaka Great Zimbabwe, na mwaka 1944 askari aliokota zingine visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Yule kijana alikuwa kakunja uso kwanza, mwishoni akawa anauliza Australia ni wapi. Mzee akamwandikia barua ya kuvipeleka Idara ya Mambo ya Kale, akampa na nauli.

Wanafunzi wangu niliwapeleka kwake kila mwaka. Alijua watoto hawana hamu na Kaisari, kwa hiyo alianzia nyumbani: sarafu zetu za kwanza za 1966, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, mwenge kwenye shilingi. Halafu zile za fedha za 1974 za kuhifadhi wanyama, twiga kwenye shilingi 25 na kifaru kwenye shilingi 50. Akiwashika sawasawa ndipo anawapa kioo cha kukuzia na rupia ya India ya 1911 ya Mfalme George wa Tano, anawaambia watafute nguruwe. Wanatafuta wee. Yumo kwenye joho la mfalme: msanii alichora tembo, mkonga ukatoka mfupi, watu India wakasema huyo ni nguruwe, kukawa na tafrani, sarafu zikarudishwa. Hakuna mwanafunzi aliyeisahau, hata wale ambao mitihani yao siitaji hapa.


#9 Mdau, Dar

Naomba msaada wenu wadau, samahanini kwa kuingilia msiba. Kwenye sanduku la babu tumekuta hiyo ya tembo, 15 RUPIEN, 1916. Kuna mtu Kariakoo ameshatutajia pesa. Tufanyeje?


#10 Mleta uzi

@Dar usiuze na usioshe. Nenda kwa sonara mwenye mzani wa desimali. Ya kweli ni gramu 7.17 hivi, dhahabu ya robo tatu, si safi, rangi yake inaelekea wekundu kidogo kuliko dhahabu ya mkufu. Sumaku isiinase. Chini lazima iwe na T. Zipo nyingi sana za kuigiza, nyingine zimetengenezwa kwa uzuri, na mzee alikuwa na bahasha nzima ameiandika "tembo wa uongo".


#11 Mdau, Dar

Nimerudi. Sonara kapima: 5.3. Na amekwaruza ukingoni kidogo kwa ruhusa yetu, chini ya rangi ni shaba. Yule wa Kariakoo hapokei simu tangu nilipomwambia naenda kupima. Babu alikuwa mtu wa mizaha, sishangai. Asanteni.


#12 Mdau, Pangani

Hivi zile senti za tundu za 1936 zenye jina la Edward wa Nane ni kweli hazina bei? Ninazo nyingi, na mtu kaniambia yule mfalme hakutawala hata mwaka, kwa hiyo ni adimu.


#13 Mdau, Raskazone

@Pangani ni kweli hakumaliza mwaka, alijiuzulu Desemba 1936 na hakuwahi hata kutawazwa. Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuingia mtaani. Lakini huku kwetu senti 5 na senti 10 zina tundu katikati, hazihitaji sura, jina tu lilitosha, zikatoka mamilioni kabla hajaondoka. Nilimwuliza mzee hilohilo kwa matumaini hayohayo. Ni sarafu nzuri yenye kisa kizuri. Bei ya kikombe cha kahawa.


#14 Mleta uzi

Wakuu nawashukuru. Nimetoka kuonana na familia, wamenituma yafuatayo.

Hitma ni Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwake. Wote karibuni, na wa Chumbageni usikose, maana binti yake kausoma uzi na amesema hoja yako ya makabati ya Hamburg baba yake alikuwa akiisema mwenyewe akiwa na hasira.

Kuhusu sarafu: zile za kwake binafsi familia haijaamua, msiwapigie simu za kuulizia bei sasa hivi, ni aibu. Kuna waliofika hata kabla ya siku tatu kwisha.

Kuhusu sarafu za watu: mzee ameacha kaunta buku nne za mali alizoachiwa auze. Binti yake amezipitia zote na kila bahasha ipo. Kama ulimwachia kitu, nenda na kitambulisho na ile karatasi aliyokukatia yenye namba ya ukurasa. Uliyepoteza karatasi nenda pia, ila uwe tayari kuieleza sarafu yako: mwaka, chapa, kama ina tundu na liko upande gani. Ameandika mpaka mikwaruzo.

Na yule bwana wa Lushoto aliyeacha rupia za nusu za 1897 na hajarudi tangu kabla ya korona, zako zimeshauzwa na pesa yako ipo kwenye bahasha. Anayemfahamu amfikishie.